Bi Mihuri na Notisi ya Siku Thelathini

Mtaa mzima ulimwita Bi Mihuri, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akitengeneza mihuri: ya shule, ya maduka, ya vyama vya akina mama, ya ofisi kubwa, na ya ofisi ambazo ukizitafuta utakuta meza moja na kiti kimoja. Alianza kwa kuchonga mpira kwa wembe, herufi moja moja, kinyumenyume, mpaka akazoea kusoma maandishi yaliyogeuka kama wengine wanavyosoma gazeti. Baadaye alinunua mashine, kazi ikawa nyepesi, lakini tabia aliyoipata kwenye wembe haikumtoka.

Tabia yenyewe ilikuwa shaka. Mtu akiingia kutaka muhuri, Bi Mihuri alimtazama viatu kwanza, halafu mikono, halafu ndipo akamsikiliza. Bila barua ya ofisi na kitambulisho, hakuna muhuri. Kijana mmoja aliwahi kumjia akitaka muhuri wa daktari, akisema daktari ni mjomba wake na amemtuma.

"Basi mjomba wako na aje mwenyewe," Bi Mihuri akamwambia. "Nimtengenezee muhuri, na yeye anitazame mgongo, unaniuma tangu juzi."

Kijana hakurudi, wala mjomba hakuonekana.

Na kila muhuri uliotoka mikononi mwake, kabla ya kufungwa kwenye karatasi, ulipigwa mara moja kwenye daftari kubwa jeusi. Pembeni yake aliandika tarehe, na mchukuaji alitia saini. Wateja walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Yeye aliwajibu kwamba muhuri ni mdomo wa mtu ambaye hayupo, na mdomo wa namna hiyo hauachiwi utoke hivi hivi.

Mume wake alikuwa fundi saa. Walifanyia kazi chumba kimoja cha mbele, yeye upande wa kushoto wa dirisha na mkewe upande wa kulia, na katikati yao redio iliyokuwa ikisikika vizuri ikigongwa tu. Fundi Saa alikuwa mtu mpole, mwenye imani na kila aliyepita barabarani. Alimwachia mteja asiyemjua saa iliyotengenezwa, akaambiwa "nakuja kesho," naye akasubiri kesho hiyo bila kinyongo.

"Mke wangu," alikuwa akisema, "wewe hata jua likichomoza utaliuliza limetumwa na nani."

"Na wewe hata likikataa kuchomoza utasema limepitiwa na usingizi."

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vinne. Kiwanja walikinunua wakiwa hawajapata mtoto, kisha wakajenga chumba kimoja kimoja, mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, mwaka wa tatu wanapumzika. Hati ya kiwanja ilikaa ndani ya bahasha ya khaki, kwenye kabati la nguo, chini ya mashuka ya wageni. Hapo palitosha, maana hakuna aliyewahi kuiulizia. Ila mmoja, na hilo Bi Mihuri alikuja kulikumbuka baadaye.

Jumanne moja asubuhi, Bi Mihuri alitoka kufungua dirisha la mbele akakuta ukuta wake umepakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kubwa, imechuruzika mpaka chini. Akatazama kwa kinyozi, jirani wa kulia: X. Kwa muuza vitambaa: X. Kwa fundi baiskeli, mwisho wa safu: X, na hapo rangi ilikuwa imewapungukia wapakaji, mguu mmoja wa alama umefifia.

Hata hajamaliza kushangaa, tarishi wa Ofisi ya Ardhi alifika na mkoba begani. Akatoa karatasi mbili zilizofanana.

"Saini hapa, Mama. Nakala moja yako, moja yangu."

"Nisome kwanza."

"Mama, saini tu, utasoma ndani. Nina nyumba nyingine tatu."

"Mimi ninayo hii moja tu, mwanangu. Kwa hiyo mwenye haraka si mimi."

Akasoma pale pale mlangoni, tarishi akihamisha uzito mguu hadi mguu. Karatasi ilisema kwamba viwanja vinne vya mtaa huo vitatwaliwa na serikali kwa manufaa ya umma, ili kupisha barabara ya mchepuko na maegesho ya magari. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya notisi. Asiyeleta atahesabiwa amekubali. Chini kulikuwa na saini, muhuri, na tarehe: mbili, mwezi wa tano.

Siku hiyo ilikuwa tarehe nne, mwezi wa sita.

Bi Mihuri hakupiga kelele. Aliomba kalamu. Kwenye nakala zote mbili, kando ya saini yake, akaandika: "Nimeipokea leo, tarehe nne, mwezi wa sita, saa nne asubuhi." Tarishi akakunja uso.

"Huruhusiwi kuandika hapo, Mama."

"Imeandikwa wapi kwamba siruhusiwi?"

Tarishi akaitazama karatasi juu na chini, asipaone, akaiweka mkobani na kwenda kwa kinyozi. Kinyozi alisaini akiwa ameshika mashine ya kunyolea, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, asisome hata mstari mmoja.

Fundi Saa alipoonyeshwa karatasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Labda ilikwama mezani kwa mtu," akasema. "Unajua ofisi, mambo huchelewa."

"Ofisi huchelewa kutoa. Umeiona wapi ikichelewa kuchukua?"

"Basi twende tukawaeleze."

"Twende tukawaeleze nani? Siku zenyewe zimekwisha, siku tatu zilizopita. Tumeletewa mlango ambao tayari umefungwa."

Tangu saa ile Bi Mihuri akaanza kutazama watu upya. Nyuma ya nyumba zao kulikuwa na ghorofa linajengwa, la maduka, la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso. Ghorofa lile lilikuwa limeziba kila upande, halina njia ya kutokea barabarani, isipokuwa zile nyumba nne ziondoke. Je, aliyepanga maegesho ya umma alikuwa ameuona umma gani? Alimwuliza muuza vitambaa, akasema hajui. Lakini muuza vitambaa alikuwa ameanza kufungasha marobota yake mapema mno, kama mtu aliyeambiwa kitu. Bi Mihuri akamwondoa kwenye orodha ya watu wa kuzungumza nao.

Kisha akamfikiria mkwe wake.

Mkwe alikuwa karani wa masijala katika Ofisi ya Ardhi hiyo hiyo. Alimwoa binti yao mkubwa miaka sita iliyopita. Kijana mtaratibu, anayesema "ndiyo, Mama" kabla hujamaliza sentensi. Kila Jumapili walikuja kula mchana. Lakini Jumapili tatu mfululizo binti alikuwa akija na watoto peke yake. "Mwenzangu ana kazi nyingi," alisema, huku akitazama sahani. Na mwanzoni mwa mwaka, mkwe huyo huyo, akiwa anaosha mikono, aliuliza kama kwa bahati tu: "Hivi, Mama, hati ya hapa mnaiweka wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Jumanne hiyo hiyo Bi Mihuri aliitoa bahasha chini ya mashuka, akaificha mahali pengine.

Jioni mumewe alikwenda kabatini, akapekua, akarudi amesimama mlangoni. "Hati haipo."

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Bi Mihuri aliendelea kukunja nguo.

"Hata mimi, mke wangu?"

"Hata wewe. Wewe mtu akikuuliza kwa adabu, unampa."

 Fundi Saa alirudi mezani kwake akainama juu ya saa ya mtu, na usiku ule na siku iliyofuata hawakuongea zaidi ya chumvi na maji. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hilo lilimuuma kuliko ile X ya ukutani. Bi Mihuri aliliona, akaumia naye, lakini bahasha hakuitoa.

Siku ya tatu akaja Hakimu. Huyu hakuwa hakimu kamwe; alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na kwa kuwa alikaa karibu na mahakimu miaka mingi, jina lilimrukia kama mafua. Alileta saa yake ibadilishwe mkanda. Fundi Saa, ambaye siri kwake ilikuwa mzigo usiobebeka, akamweka notisi mkononi kabla mkewe hajamkanyaga mguu.

Hakimu akasoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Serikali inaweza kuchukua kiwanja cha mtu," akasema. "Msidanganywe na watu wa vijiweni kwamba haiwezi. Lakini haiwezi kuchukua kama mtu anavyookota kiberiti mezani. Sharti iseme inachukulia nini, na hicho inachosema kiwe cha kweli. Sharti ikupe taarifa, ikusikilize. Na sharti ikulipe fidia ya haki kabla hujatoka, sio baada. Kimojawapo kikikosekana, umeibiwa hata kama mwizi amevaa tai."

"Na hizi siku thelathini?" akauliza Bi Mihuri.

"Hapo ndipo walipowakaba. Watasema mliletewa mapema mkanyamaza. Hata tarehe uliyoiandika kando ni maneno yenu kwa karatasi yao. Na karatasi ina muhuri, shemeji. Wewe ndiye unayejua zaidi muhuri ni kitu gani."

Lile neno lilimpata Bi Mihuri kama sindano. Siku tatu nzima alikuwa amewachunguza majirani, mkwe, hata mume wake wa ndoa, na muhuri wenyewe hakuutazama. Alinyoosha mkono kwenye meza ya mumewe, akachukua kile kioo kidogo anachobana jichoni, akaisogeza karatasi dirishani.

OFISI YA ARDHI NA MAKAZI, yalisema maandishi ya duara. Kwenye herufi K ya MAKAZI mkono wa juu ulikuwa na pengo jembamba kama unywele. Pengo hilo alilijua. Siku aliyotengeneza muhuri huo chembe ya vumbi ilianguka kwenye mpira. Alitaka kuurudia, lakini mchukuaji alikuwa na haraka, akasema hakuna atakayeona.

Aliliburuta lile daftari jeusi kutoka chini ya meza, akafungua kurasa za karibuni, akashusha kidole. Kikasimama.

"Zamani walijiita Ofisi ya Ardhi tu," akasema polepole. "Mwaka huu ndipo wameongezewa Makazi. Wakaja kwangu nikawatengenezea muhuri mpya. Huu hapa, na pengo lake. Umechukuliwa tarehe kumi na tano, mwezi wa tano, na saini ya aliyeuchukua hii hapa."

Fundi Saa alihesabu kwa vidole. "Na notisi imegongwa tarehe mbili."

"Imegongwa tarehe mbili na muhuri ambao tarehe mbili ulikuwa bado mpira ndani ya boksi."

Hakimu alicheka mpaka akakohoa. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa hakuwa akicheka tena.

"Hii inatosha kuiangusha notisi. Lakini jueni jambo moja. Mkiipeleka Baraza la Ardhi, litauliza ni nani aliyezirudisha nyuma namba za tarehe katikati ya muhuri. Muhuri hukaa masijala. Na masijala," akamtazama Bi Mihuri kwa huruma, "mna mtu wenu."

Bi Mihuri hakuhitaji kuambiwa. Aliiona tayari saini iliyokuwa kwenye daftari chini ya kidole chake. Aliyekuja kuuchukua muhuri ule mpya, mwenye haraka, aliyesema hakuna atakayeona, alikuwa mkwe wake.

Alimpigia simu binti yake. "Jumapili njoo na mumeo. Mwambie asipokuja, mimi nitamfuata kazini, na huko nitapiga kelele."

Wakaja. Watoto wakapelekwa kwa kinyozi kucheza. Mkwe alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono katikati ya magoti, na Bi Mihuri akaiweka mbele yake notisi, akaweka na daftari, akaligeuza limwelekee.  Kimya chake watoto wake walikiogopa tangu utotoni kuliko fimbo.

"Ni mimi, Mama," akasema mkwe. "Mimi ndiye niliyegonga."

"Ulijua ni nyumba ya nani?"

"Nilijua. Mkuu wa ofisi alileta notisi nne tayari zimechapwa. Akasema gonga tarehe mbili. Nikamwambia leo ni tarehe kumi na saba, bosi. Akasema, nimekuuliza leo ni lini? Akakaa pale pale mpaka nikamaliza."

"Na ukanyamaza. Ukanitumia mwanangu hapa Jumapili tatu, anakula wali wangu, na wewe unanyamaza."

"Nilikuwa na aibu, Mama."

"Na ile hati uliyoniulizia? Ulikuwa umetumwa na nani?"

Mkwe akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Sikutumwa na mtu. Kulikuwa na minong'ono ofisini kuhusu mtaa huu tangu mwezi wa kwanza. Nilitaka mtoe nakala mkazithibitishe mapema. Sikuwa na ushahidi wa kusema zaidi, nikashindwa hata kumalizia sentensi. Ukanitazama kama unavyonitazama sasa."

Bi Mihuri alimtazama vile vile. Huenda lilikuwa kweli. Huenda alikuwa amelitunga njiani. Maneno yalilingana vizuri, na yeye aliyaogopa maneno yanayolingana vizuri.

Binti alikuwa ameanza kulia bila sauti. "Mama, ukilipeleka hilo daftari, wanamfukuza kazi. Au wanamfunga. Watamsukumia yeye kila kitu. Nyumba ni nyumba tu, watawalipa, mtajenga kwingine. Mimi mume nitamjenga wapi?"

Bi Mihuri alimgeukia mumewe, akitegemea upole wa siku zote, lile neno lake la kusuluhisha. Fundi Saa alikuwa ameshika bisibisi ndogo, akiizungusha.

"Mwanangu," akamwambia binti, "nyumba hii nisingeipigania kwa ajili ya matofali. Lakini leo tukinyamaza kwa sababu ya mkwe wetu, kinyozi atapoteza yake, na yeye hana mkwe. Nitamtazamaje akininyoa?"

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa ndani ya nyumba ile.  Mkwe alisimama, akaaga, akatoka, na binti akamfuata.

Baada ya wao kuondoka, Bi Mihuri alikwenda jikoni, akaitoa bahasha ya khaki kwenye pipa la unga, akaja kuiweka juu ya meza ya mumewe, upande wake. Ilikuwa imeingia unga kidogo. Fundi Saa akaipuliza, akatabasamu, akamwambia, "Usingeitoa, ningekula mikate yenye hati." Hapo ndipo Bi Mihuri alipolia.

Baraza la Ardhi lilikaa wiki saba baadaye, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulazimishwa. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye ilibidi watu wote wanyamaze ndipo asikike, na huenda ndiyo maana aliongea hivyo. Wale majirani watatu walikaa nyuma. Mkuu wa Ofisi ya Ardhi alikaa mbele na mafaili yake, na nyuma yake mkwe, ameitwa kuja na kumbukumbu za masijala.

Bi Mihuri alikuwa amejipangia: hatataja jina la mtu, atautaja muhuri tu. Akaeleza habari ya jina jipya la ofisi, akaonyesha pengo la herufi K, akafungua daftari. Saini aliifunika kwa kiganja kana kwamba anashikilia ukurasa usigeuke. Mwenyekiti akatazama kwa kioo, akatazama tena.

"Mama, kiganja," akasema.

Bi Mihuri akakiondoa.

Mkuu wa ofisi hakutaharuki. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa mwenyekiti, ofisi ilitoa notisi hizi mwezi wa tano mwanzoni, kwa muhuri wa zamani. Inaelekea nakala zilipotea, na karani wa masijala, kwa uzembe wake, akachapa nyingine bila kuniarifu. Saini ya karani huyo mnaiona hapo daftarini. Na ningependa baraza lijue kwamba karani huyo ni mkwe wa mlalamikaji. Sijui wamepanga nini nyumbani kwao."

Ukumbi ukavuma.  Bi Mihuri alikuwa amemshuku kila mtu kwa kila kitu, lakini hili, la kwamba yeye mwenyewe angeshukiwa, na kwa neno linalolingana vizuri namna ile, halikuwahi kumpitia kichwani.

Ndipo mkwe akasimama. Alisimama vibaya, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Sikuchapa chochote," akasema. "Notisi nililetewa zimechapwa. Za zamani hazikupotea, hazikuwahi kuwepo. Rejista ya barua zinazotoka ninayo hapa. Mwezi wa tano mwanzoni hakuna notisi ya mtaa huu. Mkono uliogonga ni wangu. Tarehe niliambiwa na huyu, aliyekaa mbele yangu mpaka nikamaliza."

Akaipeleka rejista mezani. Mwenyekiti akaisoma bila haraka, feni ikizunguka, kisha akaongea kwa ile sauti yake ndogo.

"Serikali ina uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu, na baraza hili haliukatai uwezo huo. Lakini uwezo huo una mlango wa kupitia. Mwenye nyumba apewe taarifa ya kweli, asikilizwe, na alipwe kwanza. Aliyepita dirishani, hata akiwa na gari la serikali nje, arudi akapite mlangoni. Notisi hizi ni batili. Ofisi ikiitaka ardhi hii ianze upya, na ije na maelezo ni umma upi unaohitaji maegesho hayo."

Kinyozi alipiga makofi peke yake, akaona wenzake hawajaanza, akaacha.

Ofisi ilianza upya, miezi minane baadaye, ikiwa na mkuu mwingine. Notisi mpya ilikuja siku ile ile iliyoandikwa, na Bi Mihuri aliisoma mstari kwa mstari pale mlangoni, mletaji akisubiri bila kumharakisha. Safari hii hapakuwa na mchepuko wala maegesho. Palihitajika hatua nne za mbele ya kila kiwanja, kwa ajili ya mfereji na njia ya waenda kwa miguu. Wakaitwa, wakasikilizwa; fundi baiskeli aliongea mpaka akakatishwa. Wakalipwa, kisha ndipo wapima wakaja na kamba zao. Chumba cha mbele kilikatwa, kikajengwa ukuta mpya nyuma zaidi, na meza mbili za mafundi sasa zikagusana kiasi kwamba vumbi la mpira liliingia kwenye saa, na mafuta ya saa yakaingia kwenye daftari.

Yale maegesho yalikwenda wapi, hakuna aliyeeleza. Kama mwenye ghorofa alihusika, halikuthibitishwa; ghorofa lenyewe lilisimama bila kumaliziwa, nyasi zikaota kwenye ngazi. Mkuu wa zamani alihamishwa. Wengine walisema ameshushwa cheo, wengine walisema amepandishwa. Bi Mihuri aliamini la pili.

Mkwe hakufukuzwa. Alipewa onyo kwa maandishi, akahamishiwa kituo cha mbali, safari ya siku moja na nusu. Binti alimfuata na watoto, na siku ya kuondoka alimuaga baba yake vizuri, lakini mama yake alipewa mkono tu. Kwa miezi mingi simu ilipigwa kwa Fundi Saa, na Bi Mihuri alisalimiwa kwa kupitia kwake, kama mtu aliye chumba cha pili.

Mwaka ulipokwisha hakuvumilia. Alifunga begi, akapanda basi. Aliyekuja kumpokea alikuwa mkwe, amekonda, na nywele mbili tatu zimekuwa nyeupe. Akalipokea begi, wakatembea hadi kwenye nyumba ndogo ya watumishi. Binti alimkumbatia mama yake, si kwa nguvu sana, lakini alimkumbatia.

Asubuhi iliyofuata, binti akiwa anawavisha watoto sare za shule, Bi Mihuri alibaki mezani na mkwe wake. Swali lilikuwa limemkaa kooni mwaka mzima, na hakuwa mtu wa kumeza.

"Siku ile barazani," akasema, "kama bosi wako asingekutupia wewe lawama, ungesimama?"

Mkwe alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.  Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angempinga.

"Sijui, Mama," akasema. "Nimejiuliza mara nyingi. Kwa kweli sijui."

Bi Mihuri alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, akamsogezea sahani ya mayai. Alikuwa amekuja kwa siku tatu. Akakaa wiki mbili.